Kosa la 201: isome kwanza, moto baadaye

Kompyuta ya zamani ya IBM PC XT ikiwaka, ikahesabu memori, kisha ikaandika 201 pembeni mwa kioo, mafundi wengi hukimbilia pasi ya kulehemu. Mimi hukimbilia spiriti na mswaki. Maana 201 ni malalamiko tu: mashine imeandika kitu kwenye memori, imekisoma tena, imekuta sicho. Haijamtaja aliyekosea. Kati ya prosesa na kijichembe kimoja cha memori pana mguu wa chipu, pana soketi, pana njia za shaba za bodi, pana chipu ndogo za kupanga anwani, na pana umeme wenyewe. Yeyote kati ya hao aweza kusema uongo, lawama akabebeshwa chipu ya memori.

Nafanyia kazi Ngamiani, Tanga, na naandika zaidi kwa wenzangu wa pwani. Huku upepo wa bahari haubishi hodi. Masika yakikolea, mwezi wa nne na wa tano, unyevu na chumvi vinaingia hadi ndani ya kasha la mashine iliyofunikwa kitambaa na kufungiwa kabatini. Miguu ya chipu iliyopakwa fedha inageuka myeusi, soketi za bati zinashika ukoko mwembamba usioonekana kwa macho. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa nchi kavu na za baridi, ndiyo maana inaanza na chipu iliyokufa. Kwetu anza na mguso. Chipu iliyokufa iwe mshukiwa wa mwisho.

Mfano nitakaoufuata ni XT iliyotoka ofisi ya shamba moja la mkonge upande wa Muheza, ilikokuwa ikipiga hesabu za mishahara ya wakataji. Aliyeileta ni kijana, mjukuu wa karani aliyekuwa akiitumia.

"Shikamoo mama. Fundi wa kwanza kasema ninunue chipu zote thelathini na sita."

"Marahaba mwanangu. Alikuambia kabla hujamlipa au baada?"

Alicheka, nami nikaelewa. Mashine hizi si nyingi kwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na XT yenyewe ilitoka Marekani mwaka 1983, kwa hiyo zilizobaki huku ni za kuhesabika na kila moja ina historia yake. Si bodi ya kujifunzia kung'oa.

Ijue bodi iliyo mbele yako

Bodi ya XT ya aina ya 256K ina chipu 36 za namba 4164, zimepangwa safu nne, kila safu chipu tisa. Kila chipu inabeba biti moja tu, yaani sifuri au moja, mara 65,536. Nane kwa pamoja zinafanya baiti. Ya tisa ni ya pariti: inahifadhi alama ya kuonyesha kama idadi ya moja katika baiti ni shufwa au witiri, ili mashine ijue kama kuna biti iliyobadilika njiani. Safu zinaanza kuhesabiwa sifuri, siyo moja. Fundi akisahau hilo atang'oa chipu nzima kwenye safu ya jirani na kuiacha mbovu ikicheka.

Ziko XT za baadaye zenye 640K. Humo safu mbili za kwanza zina chipu 41256 na mbili za mwisho zina 4164. Na PC ya mwaka 1981 yenyewe, ile iliyomtangulia XT, bodi zake za mwanzo zina chipu 4116, zenye desturi tofauti kabisa ya umeme. Soma namba iliyoandikwa mgongoni mwa chipu kabla hujafanya lolote. Mwishoni mwa namba hiyo mara nyingi kuna kistari na tarakimu: -15 ni nanosekunde 150, -20 ni 200. Chipu yenye namba ndogo zaidi ina kasi zaidi na itafanya kazi mahali pa ile ya polepole, lakini usifanye kinyume chake.

Chukua karatasi, chora safu nne na nguzo tisa. Maandishi madogo meupe ya bodi yatakuonyesha safu ipi ni ipi na biti ipi iko wapi. Usibahatishe kwamba pariti iko kulia kwa sababu uliiona kulia kwenye bodi nyingine.

Umeme na swichi

Viunganishi viwili vya umeme, P8 na P9, vinakaa sambamba, na nyaya nyeusi za vyote viwili lazima zikutane katikati. Ukivigeuza, somo la leo limeisha na bodi imeisha.

Kabla ya kuwasha, mita iweke kwenye omu, upime kati ya ardhi na kila njia ya umeme: +5, +12, -5, -12. Unatafuta shoti. Bodi hizi zina kapasita za tantalamu, vijitone vya rangi ya njano au buluu, na zikizeeka hupenda kupiga shoti, hasa kwenye njia za volti 12. Dalili yake ni feni ya pawa saplai kutikisika kidogo kisha kuzima. Nyingine hulipuka kwa kishindo na moshi. Usiinamie bodi unapoiwasha mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

Ikiwaka, pima volti kwenye chipu yenyewe, siyo kwenye kiunganishi. Kwa 4164, pini ya 8 ni +5 na pini ya 16 ni ardhi. Mimi nataka kuona kati ya 4.75 na 5.25, na ninapima kwenye chipu iliyo mbali kabisa na kiunganishi cha umeme, kwa sababu huko ndiko upungufu unakojificha. Kiunganishi kikiwa na kutu, mwanzoni utasoma 5.1 na mwishoni 4.6, na memori itaanza kusahau bila chipu hata moja kuwa mbovu.

4116 zina umeme wa aina tatu: -5 pini ya 1, +12 pini ya 8, +5 pini ya 9, ardhi pini ya 16. Hapa kuna sheria ya kushika kwa moyo. Ile -5 lazima iwepo wakati wote +12 ipo. Ikikatika peke yake, chipu zinachemka na kufa. Ndiyo maana ZX Spectrum nyingi, zile kompyuta ndogo za nyumbani, zinafika mezani na memori ya chini imeungua: pawa ya ndani imepoteza -5, na aliyebadilisha chipu bila kurekebisha pawa ameua chipu mpya pia. Na ukizoea XT, ona hatari: pini ya 8 ni +12 kwenye 4116 na ni +5 kwenye 4164. Usichanganye soketi hizo hata kwa dakika moja.

Halafu kuna swichi ndogo, SW1. Kwenye XT, swichi ya 3 na ya 4 zinaiambia bodi ina safu ngapi. Zote mbili zikiwa zimezimwa, bodi inaamini safu zote nne zimejaa. Ikiwa safu ya mwisho haina chipu, utapata 201 ya haki kabisa, na hakuna cha kutengeneza. Hata kama zimewekwa sawasawa, zisukume huku na huku mara kadhaa. Swichi iliyokaa mahali pamoja toka enzi za mishahara ya mkonge imeshaota ukoko ndani.

Kusoma namba zilizo mbele ya 201

Hapa ndipo fundi anapotofautiana na mbahatishaji, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mbele ya 201 mashine huandika tarakimu nyingine. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya toleo moja la BIOS, programu ya kuwashia iliyo ndani ya bodi, na jingine, lakini habari ni mbili: eneo, na biti. Tarakimu ya kwanza ya eneo, kwenye bodi ya 256K, inakupa safu moja kwa moja, kwa kuwa kila safu ni 64K: 0 ni safu ya sifuri, 1, 2, na 3 ni ya mwisho. Tarakimu mbili zilizo jirani na 201 ni biti, na zimeandikwa kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo baada ya 9 huja A hadi F: 01 ni biti ya 0, 02 ni ya 1, 04 ni ya 2, 08 ni ya 3, 10 ni ya 4, 20 ni ya 5, 40 ni ya 6, 80 ni ya 7. Ukiona 00, biti zote nane ziko salama na anayelalamikiwa ni chipu ya pariti.

Zikichanganyika, zijumlishe kinyumenyume. 0C ni 08 na 04, yaani chipu mbili katika safu moja. Hilo hutokea. Lakini ukiona FF, biti zote nane kwa pamoja, weka pasi chini kabisa. Chipu nane hazifi siku moja kwa kukubaliana. FF inasema safu nzima haisikiki: swichi imedanganya, au waya wa kuita safu ile, RAS au CAS, haufiki, au umeme haufiki. Huyo fundi wa chipu thelathini na sita hakutazama tarakimu hizi hata mara moja.

Ujumbe mwingine ni PARITY CHECK 1 au PARITY CHECK 2, ambao hutokea mashine ikiwa kazini na kuigandisha. 1 ni memori iliyo kwenye bodi. 2 ni memori iliyo kwenye kadi ya nyongeza. Ukipata 2, chomoa kadi hiyo, rekebisha swichi, jaribu tena. Mara nyingi ni kadi haijakaa vizuri kwenye nafasi yake.

XT ya Muheza ilianza na 2 na kumalizia na 04. Safu ya 2, biti ya 2. Nikaweka alama kwenye mchoro.

Usafi, kisha kuhamisha

Zima, chomoa waya wa ukutani, gusa chuma cha kasha. Watu wa nchi kavu wanahofia sana umeme tuli. Unyevu wetu, ule ule unaokula soketi, unaupunguza, lakini usivae shati la nailoni ukaringa.

Kwanza bonyeza chipu zote kwa kidole gumba, moja moja. Joto na baridi vya miaka huzipandisha taratibu kutoka kwenye soketi. Utasikia nyingine zikilia "tik". Washa, tazama. Kosa likitoweka, usishangilie, kwa maana mguso uliorudi kwa kidole utaondoka tena. Endelea kusafisha.

Kung'oa chipu: bisibisi bapa ndogo, inua upande huu kidogo, upande ule kidogo, mpaka iachie. Ukiinua upande mmoja kwa nguvu utapinda miguu, na miguu ya zamani ikipindwa mara mbili hukatika. Kumbuka kitobo cha kichwa kinaelekea wapi. Miguu isugue polepole kwa kifutio cha penseli, kile laini cha shuleni, kisha uipitishe spiriti. Soketi ipige mswaki mkavu, halafu spiriti safi, ile isiyo na maji mengi. Ikiwa ni spiriti ya zambarau, jaribu kwanza kwenye kioo: ikiacha doa baada ya kukauka, usiitumie. Chipu iingize na kuitoa mara mbili tatu ili isugue chuma cha soketi. Acha bodi ikauke kabla ya umeme. Nawajua wanaopulizia mafuta ya kulegeza kutu ndani ya soketi. Yanavuta vumbi, na mwaka ujao mteja anarudi.

Baada ya usafi, hamisha. Chukua chipu inayoshukiwa, ibadilishane nafasi na mwenzake wa biti ile ile katika safu nyingine. Kwangu, biti ya 2 ya safu ya 2 ilihamia safu ya 3, na ya safu ya 3 ikaja safu ya 2. Washa, soma tena. Kosa likifuata chipu hadi safu ya 3, chipu ni mbovu na umeithibitisha bila kununua kitu. Kosa likibaki pale pale, chipu haina hatia; tafuta kwenye soketi au njia.

La Muheza lilibaki pale pale. Safu ya 2, 04, hata likiwa na chipu nyingine. Nilipotazama soketi kwa kioo cha kukuza, bapa la pini ya 14, inakotokea data, lilikuwa limelegea na kulala ukutani. Soketi nyingi za enzi hizo hushika mguu upande mmoja tu, na bapa likichoka halirudi. Waweza kulivuta kwa ncha ya sindano likashika kwa muda. Mimi hubadilisha soketi, nikaweka ile yenye matundu ya duara. Kijana akauliza zile chipu nyingine je. Nikamwambia zinakaa pale zilipo.

Kosa linalosubiri joto

Siku ya pili, mashine ikiwa imewaka kama nusu saa, ikaganda: PARITY CHECK 1. Hili ni kosa la joto, na ujumbe huo haukuonyeshi biti. Ukizima na kuwasha, mashine inapita mtihani wake wa kuanzia na kukuambia 256 KB OK bila haya.

DEBUG, programu ndogo iliyokuja na DOS, mfumo wa uendeshaji wa mashine hizi, inatosha kulifichua. Tumia DOS ndogo, 3.3 kwa mfano, ili isile memori yote. Tatizo ni kwamba kosa la pariti litaigandisha mashine kabla hujaona kitu, kwa hiyo kwanza unaizima kengele. Kwenye XT, ndani ya DEBUG, andika:

O A0 0

Sasa mashine haitaganda kwa pariti. Jaza eneo la safu ya 2 kwa baiti AA, nusu mbili:

F 2000:0 3FFF AA
F 2000:4000 7FFF AA

Nenda kanywe kahawa. Dakika kumi hivi, mashine ikiwa imefunikwa ili ipate joto. Ukirudi, linganisha nusu hizo:

C 2000:0 3FFF 2000:4000

Zikilingana, DEBUG inakaa kimya. Zikitofautiana, inaandika anwani na baiti zote mbili. Mimi niliona AA upande mmoja na 8A upande wa pili. AA ukiondoa 8A unabaki na 20, yaani biti ya 5. Rudia kwa 55, kwa sababu AA inaweka moja kwenye biti za witiri tu, na biti iliyokwama kwenye sifuri haitaonekana kama uliiandikia sifuri. Kisha rudia zoezi zima kwa nusu ya juu ya safu, kuanzia 8000 hadi FFFF. Ukimaliza, washa kengele: O A0 80.

Safu ya sifuri na ya 1 usizijaze hivi, kwani humo ndimo DOS na DEBUG yenyewe zinamoishi. Ukizishuku, hamishia chipu zake kwenye safu ya 2, uzipime huko. Na safu ya 3, sehemu yake ya juu ina mkia wa COMMAND.COM, kipande cha DOS kinachopokea amri, kwenye mashine ya 256K, basi cheza na nusu ya chini.

DEBUG pia inafichua kosa la anwani, ambalo si la biti. Andika 11 mahali 2000:0 kwa amri ya E, kisha 22 mahali 2000:100, halafu soma 2000:0 kwa amri ya D. Ukikuta 22, anwani mbili zimekuwa nyumba moja: njia moja ya anwani imekufa. 4164 ina pini nane tu za anwani kwa nafasi 65,536, kwa kuwa inapokea anwani kwa vipande viwili, mstari kwanza kisha nguzo, 256 mara 256. Anayezipokezana kwenye bodi ni chipu ndogo za 74LS158. Zikiharibika hizo zinasumbua safu zote, siyo moja.

Kuthibitisha chipu ya joto bila vifaa vya bei: loweka pamba kwenye spiriti kidogo, uiguse mgongo wa chipu unayoishuku wakati kosa linatokea. Spiriti ikiruka inapoza. Kosa likikatika, umempata. Pasi ya kulehemu iwe imezimwa na mbali, na sigara pia, mgosi.

Mashine isipotoa hata sauti

Hali mbaya ni kioo cheusi na kimya. Kwenye PC na XT, memori ya mwanzo kabisa ikifeli, BIOS inasimama bila mlio wala maandishi, kwa sababu haina mahali pa kuandikia chochote. Kimya hicho kinaweza pia kuwa prosesa au BIOS yenyewe, lakini safu ya sifuri ni ya kujaribu mapema.

Kama safu hiyo ina soketi, ibadilishe yote na safu ya 3 kisha uwashe. Kama imelehemiwa kwenye bodi, panda juu: chukua chipu nzima ya aina ile ile, uiketishe juu ya ile ya bodi, mguu juu ya mguu, kichwa upande mmoja, uibane kwa kidole. Washa. Hakuna kitu, zima, nenda kwa inayofuata. Kamwe usihamishe chipu umeme ukiwa umewaka. Njia hii inafanya kazi kama chipu mbovu imekaa kimya. Kama imepiga shoti ndani, itaizima sauti ya ile nzima na hutaona mabadiliko. Iliyopiga shoti mara nyingi huichoma ncha ya kidole, basi pitisha kidole juu ya safu nzima baada ya dakika moja ya umeme: iliyo ya moto kuliko majirani, anza nayo.

Wenye kifaa cha kuandikia EPROM, chipu inayohifadhi programu hata umeme ukizimwa, wana njia bora: ROM ya uchunguzi, kama ile ya Supersoft Landmark, inayokaa mahali pa BIOS. Inaweza kuonyesha safu mbovu kwenye kioo bila kuhitaji memori yoyote iwe nzima. Ukiwa unatengeneza mashine hizi mara kwa mara, tafuta rafiki mwenye kifaa hicho.

Sasa, kama ni lazima, moto

Chipu iliyolehemiwa na kuthibitishwa mbovu, ikate miguu yote karibu na mwili kwa koleo kali la kukatia, kisha utoe mguu mmoja mmoja kwa pasi na kibano. Chipu tayari ni maiti, hakuna haja ya kuitoa nzima. Unachookoa ni vijiduara vya shaba kwenye bodi, ambavyo kwenye bodi ya umri huu huachia gundi ukivichoma kwa muda mrefu. Ongeza risasi mpya kidogo kabla ya kunyonya ya zamani, inayeyuka vizuri zaidi. Weka soketi, siyo chipu moja kwa moja.

4164 hazipatikani dukani Tanga, na Kariakoo utapata mita, risasi na soketi lakini chipu zenyewe utaagiza nje au utazing'oa kwenye kadi za memori za zamani. Za kuagiza zipime zote zikifika, kwani ziko zilizofutwa namba na kuandikwa upya. Ukikosa kabisa, 41256 inaweza kukaa mahali pa 4164: pini ya 1, ambayo 4164 haiitumii, ndiyo anwani ya ziada. Inyanyue isiingie kwenye soketi, uiunganishe kwa waya mwembamba na pini ya 16.

Bodi za 286, 386 na 486

Hizi ni za kompyuta zilizomfuata XT; nitapita haraka. Huko adui ni betri ya pipa, ile ya volti 3.6 iliyolehemiwa pembeni. Inavuja maji yenye alkali yanayokula njia za shaba, mara nyingi karibu na kibodi na memori. Ikate leo, hata kama haijavuja. Palipovuja, dondosha siki au ndimu, sugua, suuza kwa maji safi kisha spiriti, kausha juani.

Memori za vijibao vya pini 30 zinaenda mbili mbili kwenye 286 na 386SX, nne nne kwenye 386DX na 486. Moja ikiwa mbovu, kundi zima linakataa. Zile za pini 72 zinaenda moja moja kwenye 486, mbili mbili kwenye Pentium. BIOS ya AMI ikilia mara moja kwa ufupi wakati kioo ni cheusi ni kufeli kwa uhuishaji wa memori (refresh), mara mbili ni pariti, mara tatu ni 64K za mwanzo. Safisha meno ya shaba kwa kifutio, usiyasugue mpaka dhahabu iondoke. Kuanzia 386 unaweza kutumia matoleo ya zamani ya Memtest86, programu ya kupima memori, badala ya DEBUG, na iache ifanye kazi usiku kucha.

XT ya Muheza nayo niliiacha usiku kucha, kifuniko kimefungwa ili joto liwe la kweli, ikiwa inajaza na kulinganisha. Ilitoka na soketi moja mpya na chipu moja mpya. Ile chipu ya biti ya 5 niliipaka rangi ya kucha nyekundu mgongoni, kama ninavyozipaka zote nilizozithibitisha mbovu, nikaitia kwenye kopo lake. Nyinyi wenye droo zilizojaa chipu zisizojulikana, nunueni rangi ya kucha.